Ini Lisilo na Pembe

Mikono yangu inanuka ini. Nimeisugua kwa sabuni ya unga, kwa limau, kwa majivu, na bado nikimsalimia mtu kanisani ananusa kidogo halafu anajifanya anakohoa. Nimezoea. Pale kiwandani, nje kidogo ya mji wa Gobabis, tunakata maini ya ng'ombe vipande vyembamba, tunavipanga kwenye trei, tunavigandisha, kisha vinaingia kwenye mashine kubwa inayonyonya maji yote mpaka vinabaki vikavu kama mkate wa juzi. Mashine nyingine inasaga, nyingine inajaza unga kwenye vidonge. Mioyo, figo na bandama vinapita njia hiyohiyo. Chupa zinabandikwa picha ya ng'ombe aliyesimama kwenye nyasi za kijani zinazomfika magotini, nyasi ambazo sisi tunaziona wiki chache za masika, tena Mungu akitukumbuka. Halafu zinapelekwa Ujerumani, kwa watu wanaotaka nguvu za ini bila kulitafuna ini. Shauri yao.

Bwana Heino, mwenye kiwanda, akipata wageni huwaambia kwa fahari, "Ng'ombe wetu wanakula nyasi tu." Mimi husimama pale na aproni yangu na gambuti zangu nikijiuliza, sasa wangekula nini, wali?

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa ukame, na mimi nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa kulala ukaamka mzima. Nilikuwa nasimama kutwa kwenye sakafu ya baridi mpaka miguu inavimba, Ijumaa natafuta lifti ya pikapu kwenda kijijini upande wa Otjinene kwa mama, Jumapili natafuta lifti ya kurudi. Mume sina wa kunisaidia. Wangu alikwenda bandari ya Walvis Bay kutafuta kazi ya meli, akapata kazi na akapata mke. Hakunipa talaka, hakunipa kitu. Basi nikawa mtu wa kubeba kila kitu peke yangu, na mama alikuwa anakufa.

Mama yangu anaitwa Gerhardine. Daktari wa Gobabis alimpima akasema damu yake imeshuka mno, ikiendelea hivyo moyo utashindwa na mama hataiona mvua. Akampa vidonge vya madini ya chuma. Mama akavitapika. Daktari akasema basi alazwe mjini, achomwe sindano za kuongeza damu. Mama akasema haondoki nyumbani, moto wa mume wake hauachwi. Unajua moto huo: kila boma la kwetu lina moto wa wazee kati ya nyumba kubwa na zizi, na mwenye boma ndiye anayeulinda na kuonja maziwa pale kabla ya watu wengine kunywa.

"Lakini moto unalindwa na Tjeripo," nikamwambia. Tjeripo ni kaka yangu mkubwa, ndiye aliyeshika zizi na moto baba alipofariki.

Mama akaanza kufunga kilemba chake upya. Nikamrudisha nyumbani.

Ndipo mimi mwenye mikono inayonuka ini nilipokumbuka ninapofanya kazi. Nikamuuliza daktari kuhusu vile vidonge vya ini. Akasema havitafanya kazi haraka kama sindano, lakini ni chakula cha kuongeza damu, na mama yako inaonekana hali kitu, ajaribu. Bwana Heino akanipa chupa moja yenye lebo iliyobandikwa upande, isiyouzika. Ijumaa nikaibeba mpaka kwa mama kana kwamba nimebeba yai.

Alikuwa ameketi kitandani na gauni lake refu, kichwani amefunga kilemba cha wanawake wa kwetu, chenye pembe mbili mfano wa ng'ombe, kama siku ya sherehe. Macho yake yana ukungu, anaona mwanga na vivuli tu. Akaitikisa chupa sikioni.

"Nini hiki?"

"Ini, mama. Ini la ng'ombe limekaushwa likasagwa. Humezi nyama, unameza kidonge tu."

"La ng'ombe gani?"

"La ng'ombe tu."

"Hakuna ng'ombe tu, Utjiua. Ana rangi gani?"

Nilikuwa nimetoka kazini nikasimama barabarani juani nikingoja lifti. Sikuwa na hali ya kubishana. "Mwekundu," nikasema.

"Mwekundu wa udongo, au mwekundu mwenye mabaka meupe tumboni?"

"Wa udongo."

"Pembe zake?"

"Anazo."

"Zinaelekea wapi?"

"Mama jamani, zinaelekea juu! Zitaelekea wapi tena?"

"Zote mbili?"

Mama akaishika chupa kwa mikono miwili, akaiweka mapajani. "Niambie ukweli. Humu ndani kuna ng'ombe wangapi?"

Ukweli ni kwamba maini ya mashamba yote ya wilaya yanasagwa pamoja na kumwagwa kwenye pipa moja. Kidonge kimoja kinaweza kuwa na ng'ombe ambao hawajawahi kuonana. "Ni wengi, mama," nikasema.

"Na wasio na pembe wamo?"

"Wamo. Siku hizi ndio wengi."

Akanirudishia chupa taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa jirani aliyelala.

Nifafanue kidogo, maana watu wa nje hudhani tunaringa. Ukoo wa baba yangu haumli ng'ombe aliyezaliwa bila pembe. Haumfugi, haunywi maziwa yake. Ukimkata pembe ng'ombe aliyezaliwa nazo, hilo si kosa, kosa ni yule aliyekuja duniani na kichwa kitupu. Mama hakuzaliwa kwenye mwiko huo, kwao wanawala na wanavunja mifupa. Lakini kwetu mwanamke akiolewa anafuata ukoo wa mumewe, miko yake na moto wake. Mama aliuvaa mwiko ule siku ya harusi yake, na mimi niliuvua siku ya harusi yangu, kwa kuwa yule wa Walvis Bay kwao wanakula. Kwa hiyo mimi nilikuwa naweza kuvimeza vidonge vile vyote mbele yake. Yeye asingeweza hata kimoja.

"Basi kula hata nyama ya dukani, mama."

"Nyama ya dukani haina kichwa. Nitajuaje?"

"Unakufa, mama. Daktari amesema unakufa! Mimi nahangaika huku na huku kama mwendawazimu, wewe unaniuliza pembe zinaelekea wapi!"

"Usinipigie kelele. Nikifa nitamkuta baba yako. Ataniuliza nilikula nini. Nimjibu 'ng'ombe tu'?"

Nikatoka nje nikalia kidogo kwa hasira. Niliporudi, Tjeripo alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, amesikia yote. Mama akainua sauti ili asikie vizuri zaidi.

"Kama mnataka nimeze ini la chupa, nikaushieni la ng'ombe mmoja wa zizi la baba yenu. Mmoja, anayejulikana. Na pembe zake mniletee nizishike kwa mikono yangu."

Mimi nikaona hilo linawezekana. Nikamgeukia kaka. "Umesikia? Tuchague ng'ombe kesho."

Tjeripo alikuwa anaangalia ndani ya kofia kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo. "Kesho siwezi," akasema. "Wako kisima cha mbali. Wewe nenda zako kazini, dada. Nitachinja mwenyewe nikuletee ini mjini. Usijisumbue."

Usijisumbue! Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia neno hilo. Nikalipokea kama zawadi.

Kabla sijaondoka Jumapili nilipita nyuma ya kibanda chake kutafuta beseni, nikakuta makopo matupu ya samaki yamerundikwa mpaka kwenye dirisha. "Kaka, umegeuka paka siku hizi?" nikamtania.

"Mapishi ya kapera."

"Na zizi zima la ng'ombe unalo?"

"Hao ni wa kuuza, dada." Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Pale karibu na nyumba walikuwepo ng'ombe wachache wa maziwa na ndama, wengi vichwa vitupu. Sikushangaa. Kila mtu siku hizi anawakata pembe, ili wasichomane kwenye malori ya kwenda mnadani.

Nilipomwomba mashine, Bwana Heino hakukataa. Alikuna shingo yake iliyoungua jua, akauliza, "Trei kwa ajili ya ng'ombe mmoja?"

"Mmoja tu, bwana. Asichanganywe na mwingine."

"Ajabu. Wateja wangu wangelipa mara mbili kwa kitu kama hicho. Ng'ombe mmoja, anayejulikana!"

"Basi waambie waje waoe Otjinene."

Alicheka mpaka akafuta macho. Akaniruhusu kutumia mashine Jumamosi, kwa sharti kwamba nioshe kila kitu mwenyewe, kabla na baada. Basi Tjeripo akaja mjini na pikapu yake, ini ndani ya boksi la barafu, pembe ndani ya gunia lililofungwa kamba. Ini lilikuwa zuri, zito, halina doa. "Ni nani huyu?" nikamuuliza.

"Maksai mzee. Mwekundu."

"Pembe zikoje?"

"Utaziona kwa mama." Akawasha pikapu akaondoka na gunia lake, hata chai hakunywa.

Nililiosha lile ini, nikalikata, nikalipanga. Wenzangu walikuwa wamelala au wako sokoni, na mimi niko pale nasikiliza mashine inanguruma, mgongo unaniuma, nasugua sakafu ambayo Jumatatu itachafuka tena. Lakini nilikuwa na furaha ya aina fulani, nisidanganye. Lilipokauka nililisaga peke yake, nikajaza vidonge kwa mkono, kimoja kimoja, kwenye kile kibao chenye matundu ambacho hatukitumii siku hizi. Nikavitia kwenye chupa ya jamu. Sikubandika picha ya ng'ombe yeyote. Mama angejua mwenyewe ni nani.

Jumamosi iliyofuata, mchana, tulikuwa sote watatu chumbani kwa mama. Alikuwa amezidi kukonda. Kucha zake zilikuwa nyeupe, na alipohema ulisikia. Niliweka chupa kwenye kiti, nikamimina maji kwenye kikombe.

"Pembe kwanza," mama akasema.

Tjeripo akafungua gunia. Alimpa mama pembe ya kwanza, kisha ya pili, akarudi ukutani. Mama akazilaza mapajani akaanza kuzipapasa kutoka shinani kwenda nchani. Alipapasa muda mrefu. Halafu vidole vyake vikasimama kwenye ncha ya ile ya kushoto. Ilikuwa imevunjika, na mahali ilipovunjika palikuwa laini.

"Huyu alichinjwa lini?" akauliza.

"Wiki iliyopita, mama," Tjeripo akasema.

"Pembe ya wiki iliyopita ina mafuta. Inanuka. Hii imekauka mpaka imepasuka." Akainua uso kuelekea ukuta aliposimama mwanawe. "Ncha hii ilivunjika kwenye nguzo ya lango, siku alipopigana na fahali wa jirani yetu Erwin. Nilikuwepo, nilikuwa nimebeba kibuyu. Huyu ni Mgomvi. Alichinjwa siku tulipomzika baba yenu, na pembe zake tuliziweka kaburini. Tjeripo, umezitoa kaburini?"

Nikamtazama kaka yangu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, naye akawa anatazama viatu vyake.

"Kaka," nikasema, "sema umekosea gunia. Sema kitu."

"Nimezitoa," akasema.

Hapo nikalipuka. Sitayaandika yote niliyosema. Nilimwita mwizi wa makaburi, nikamwuliza kama angeuza na suruali ya marehemu, nikamwambia nimesimama Jumamosi nzima nikikausha sijui nini, sijui mbwa, sijui punda! "Na ini hili ni la nani?"

"La ng'ombe kijana wa zizi letu. Mwekundu kweli, rangi sikudanganya. Hakuwahi kuwa na pembe."

"Ulimkata?"

"Alizaliwa hivyo. Wote wadogo wamezaliwa hivyo. Nilinunua fahali, dada, miaka minne sasa, asiye na pembe. Yuko kwa Erwin, namleta huku kupanda kisha namrudisha. Unajua mnadani wanavyotutenda? Wenye pembe wanasukumwa pembeni, wanasema wanaharibu ngozi za wenzao kwenye lori. Na ukame hauishi! Nilikuwa na majike wa zizi wanakufa kwa njaa, na wanunuzi wanataka vipara. Ningefanya nini? Ningekaa na mwiko wangu nikihesabu mizoga?"

"Ungesema!"

"Niseme kwa nani?"

Mama alikuwa bado anapapasa pembe ya Mgomvi, sasa polepole kama anayemtuliza. "Mimi nilijua," akasema.

Sote tukamgeukia.

"Ndama alikuja hapa mlangoni, kabla ya Krismasi. Nikamwita, akanilamba mkono. Nikampapasa kichwani kutafuta vinundu vya pembe. Hakuna. Kichwa kimechongoka, laini kabisa. Nikasema labda ni mmoja, bahati mbaya. Nikawa nawaita wote. Kila anayekuja, laini. Nikajua kuna fahali."

"Na maziwa?" nikauliza, ingawa nilishaanza kuelewa.

"Mitamba ya fahali huyo sasa inakamuliwa. Maziwa yote yanamwagwa kibuyu kimoja. Kama lile pipa lenu."

"Kwa hiyo huyanywi."

"Siyanywi."

"Nyama?"

"Sili."

"Tangu Krismasi ile?"

"Uji ninao. Chai ninayo."

Niliketi sakafuni. Nilikuwa nimemzungusha mama yangu kwa madaktari, nimeomba lifti, nimeosha mashine, nimejaza vidonge kimoja kimoja, na ugonjwa wenyewe ulikuwa ni mama kukaa na njaa katikati ya ng'ombe wake akimwonea mwanawe haya. "Kwa nini hukumwambia?" nikasema. "Mama, kwa nini hukuniambia hata mimi?"

"Moto ni wake. Nimwaibishe mbele ya moto wa baba yake? Nilimngoja aseme mwenyewe. Ndiyo maana sikutaka kulazwa, nilijua nikiondoka hatasema tena. Na ndiyo maana niliomba pembe." Akakohoa. "Nilidhani nikiomba pembe atasema. Kumbe akaenda kaburini."

Tjeripo alikuwa ameinama, na nadhani ni aibu iliyomfanya awe mkali, kwa sababu alisema jambo baya. "Mama, wewe hata si wa mwiko huu. Kwenu wanawala vipara. Wewe ulikula utoto wako wote. Sasa unajiua kwa kitu ambacho si chako?"

"Ndiyo, nilikula," mama akasema. "Na ni watamu, nawakumbuka. Baba yako aliniomba niache. Hakuwahi kuniomba kitu kingine maishani mwake, nikaacha. Wewe ulizaliwa nao mwiko huo, mwanangu. Kila asubuhi unaonja maziwa yale pale motoni. Unayamezaje?"

Tjeripo akasema kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa watoto, "Siyamezi."

"Nini?"

"Nayatia mdomoni, naenda nyuma ya nyumba, nayatema. Siwezi, mama. Nilijaribu. Nyama pia siwezi. Sijala ng'ombe tangu huyo fahali afike."

Mimi nikakumbuka yale makopo yaliyofika dirishani. "Samaki," nikasema.

"Samaki," akasema.

Mama akauliza samaki gani, nikamweleza. Rundo zima, mama, asubuhi na jioni, peke yake kibandani kwake, anajificha asije akaonekana hali ng'ombe wake. Na wewe huku, hatua chache tu, na uji mtupu, unajificha asije akajua huli ng'ombe wake. Nilipokuwa nasema hivyo nilisikia sauti yangu inapanda, sikujua kama nacheka au nalia.

Mama ndiye aliyecheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikamtikisa mabega, pembe za Mgomvi zikagongana mapajani. "Samaki!" akasema. "Mtoto huyu! Mimi nalamba uji kama mgonjwa wa surua, na wewe una samaki! Hata kopo moja humpi mama yako?"

"Sikujua kama unataka, mama."

"Ulikuwa hujui nini? Lete. Lete hata sasa hivi!"

Akatoka mbio, mtu mzima yule. Alirudi amekumbatia makopo kifuani, akafungua moja kwa kisu. Mama alikula kwa vidole, mchuzi wa nyanya unamtiririka mpaka kwenye kiganja, na hakusimama mpaka kopo likawa tupu. Sikuwahi kumwona akila hivyo tangu msiba wa baba. Tjeripo alipiga magoti pale chini akimshikilia kopo, machozi yanamtoka, hakuyafuta.

Aliposhiba akazungumza kama mtu mwenye boma. Pembe zirudi kaburini leo, kabla jua halijazama, na Tjeripo amwombe baba yake radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Fahali yule auzwe, na watoto wake wauzwe kadiri mnada utakavyowapokea, na Tjeripo aende kwa wajomba, upande wa mama, aombe mtamba mwenye pembe, aanze upya. Maziwa ya ng'ombe wakongwe wenye pembe yawekwe kibuyu cha peke yake. "Na Jumatatu nakwenda mjini na Utjiua," akasema. "Daktari anichome sindano zake. Sindano haina kichwa wala mkia, hilo nitamweleza baba yenu."

"Na moto?" nikamwuliza.

"Moto una mwenyewe. Ameshasema."

Tjeripo akazichukua pembe, safari hii bila gunia, akatoka nazo mikononi. Tulimsikia akipita nje polepole kuelekea makaburini.

Nikabaki na chupa yangu ya jamu. Niliitazama, kazi yote ile. "Nitavimwaga," nikasema.

"Njoo hapa," mama akasema.

Nikaenda nikaketi kitandani. Akanishika uso kwa mikono yake inayonuka samaki, akanipapasa paji, mashavu, chini ya macho, kama alivyopapasa wale ndama. Alishuka mpaka kwenye vidole vyangu, akavibonyeza kucha.

"Uko baridi," akasema. "Umebaki mifupa. Nani anakulisha wewe?"

Nikamfuta mchuzi wa nyanya kiganjani.

"Wewe uliolewa kule wanakokula," akasema. "Huna mwiko. Na huyu ng'ombe anajulikana, ni wa zizi letu, mwekundu. Fungua hiyo chupa."

Nikameza kadhaa mbele yake, kimoja baada ya kingine, kwa maji yale niliyokuwa nimemmiminia yeye, huku nikilia na kamasi. Akaniuliza vina ladha gani. Nikamwambia havina ladha yoyote.

"Maskini," mama akasema, akanisogezea kopo la pili.